Neno 'Shoti' na Istilahi za Umeme wa Majumbani

Ukipita katika maduka ya vifaa vya umeme na kwenye meza za mafundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, utalisikia neno 'shoti' tangu asubuhi hadi jioni. 'Nyaya zimepiga shoti.' 'Kijana amepigwa shoti.' 'Pasi hii ina shoti.' 'Simu iliingia maji, sasa ina shoti.' Wasemaji huelewana, kazi hufanyika, na mteja huondoka na kifaa chake. Lakini kwa mtu aliyesoma elimu ya umeme, sentensi hizo zinataja mambo matatu yaliyo mbalimbali kabisa, na kila moja lina kinga yake. Neno hilo linapotoka mezani kwa fundi likaingia katika kitabu cha shule, katika maelezo yanayobandikwa juu ya kifaa, au katika taarifa ya ofisi, mchanganyiko huo huweza kumgharimu mtu maisha yake. Makala haya yanakusudia kulichambua neno 'shoti' pamoja na wenzake wachache, na kupendekeza namna ya kuwagawia kazi.

Asili ya neno ni Kiingereza, nalo maana yake ni 'fupi'. (Kamusi zetu za zamani zina 'shoti' nyingine, ambayo ni mwendo wa mbio wa farasi. Hiyo haituhusu hapa, ingawa fundi aliyewahi kurushwa na umeme huenda akaona kwamba maneno hayo yana undugu.)

Tuanze na maana iliyo karibu na asili. Katika nyumba za Tanzania umeme hufika kwa nguvu ya volti 230. Mkondo huingia kwa waya ambao mafundi huuita 'waya wa moto', ukapita ndani ya kifaa, kisha ukarudi kwa waya wa pili uitwao 'nyutro'. Pasi ya wati 1,000 huvuta ampea 4 na kidogo tu, kwa sababu koili iliyomo ndani yake huukinza mkondo. Ukinzani huo ndio unaozaa joto la kunyoshea nguo. Sasa ganda la waya likichubuka, na nyaya zile mbili zikagusana kabla ya kuifikia koili, mkondo hupata njia isiyo na ukinzani wa maana. Badala ya ampea 4, mamia ya ampea hupita kwa kufumba na kufumbua. Cheche huruka, fyuzi huungua au sakiti breka hujizima, na pengine nyumba nzima ikaingia gizani. Hiyo ndiyo shoti ya asili: waya umekutana na waya.

Maana ya pili ni ile inayohusu mwili wa mtu. Aliyegusa waya wa moto huku amekanyaga chini hugeuka yeye mwenyewe kuwa njia ya mkondo. Hapa hapana waya uliokutana na mwenziwe, wala njia haikufupishwa; kinyume chake imerefushwa, ikapitia mkononi, kifuani na mguuni. Hata hivyo tunasema 'amepigwa shoti'. Maana ya tatu inahusu kifaa: waya wa moto umegusa bati la pasi au la jiko kwa ndani, kifaa kinaendelea kufanya kazi kama kawaida, lakini kila anayekigusa huhisi mtekenyo, au pigo kamili kama yuko pekupeku.

Haifai kudhani kwamba wasemaji waliyachanganya mambo haya bila utaratibu wo wote. Kiswahili kilijitahidi kuyatenga kwa njia yake ya siku zote, yaani kauli za kitenzi. Nyaya hupiga shoti. Mtu hupigwa shoti. Kauli ya kutenda inataja hitilafu ya nyaya, kauli ya kutendwa inataja ajali ya mtu, na msikilizaji hapotei. Tatizo huanza kinapoingia kifaa. 'Pasi hii inapiga shoti.' Inampiga nani? Fundi mzoefu huuliza swali hilo hilo kabla hajaishika bisibisi: inakupiga wewe, au inakata umeme? Jibu la kwanza litampeleka kutafuta waya uliogusa bati. La pili litampeleka kwenye plagi na sehemu ambako waya hupindwapindwa hata ganda likafa. Swali hilo huchukua nusu dakika. Mtafsiri aliyeko ofisini hana wa kumwuliza.

Tena, msaada wa kitenzi hupotea mara tu tunapotengeneza nomino, na istilahi zetu nyingi ni nomino. 'Kinga ya shoti', 'hatari ya shoti', 'ajali ya shoti': hapa hapana tena wa kupiga wala wa kupigwa. Tulichukue fungu la kwanza, 'kinga ya shoti', tulipime kwa hesabu.

Plagi ya miguu mitatu ya mraba inayotumika katika nchi zetu kwa kufuata desturi ya Uingereza huwa na fyuzi ndani yake, na iliyo kubwa ni ya ampea 13. Nyaya zikipiga shoti, mamia ya ampea yakapita, fyuzi hiyo hukatika mara moja. Ni kinga njema kabisa. Sasa tumweke mtu mahali pa waya. Ukinzani wa mwili hubadilika kwa jasho, maji na ugumu wa ngozi, lakini tuuchukue kuwa omu 1,500. Volti 230 zitapitisha ndani ya mwili huo mkondo wa karibu ampea 0.15, yaani theluthi hivi ya mkondo uliokuwa ukivutwa na balbu ya zamani ya wati 100. Fyuzi ya ampea 13 haina habari kabisa kwamba pana jambo limetukia, na itaendelea kupitisha umeme muda wote mtu yule anapotetemeka, ilhali mkondo wa kadiri hiyo unatosha kuuvuruga moyo usipige tena.

Kiko kifaa kingine kilichotengenezwa kwa ajili ya ajali ya namna hii. Hicho hakipimi ukubwa wa mkondo, bali hulinganisha mkondo unaokwenda na ule unaorudi. Ikiwa kiasi fulani hakikurudi, maana yake kimepita pasipo njia yake, pengine katika mwili wa mtu, na kifaa hukata umeme kwa muda ulio chini ya nusu ya nukta. Vile vinavyowekwa majumbani kwa kawaida hukata tofauti hiyo inapofika miliampea 30, yaani sehemu 3 katika 100 za ampea 1. Mafundi wetu hukijua kwa herufi zake za Kiingereza tu. Jina la Kiswahili linalotamkwa dukani sijalisikia.

Basi afikirie msomaji mnunuzi aliyesimama mbele ya vifaa hivyo viwili. Vyote viwili, kwa lugha ya mtaani, 'huzuia shoti', na mwenye duka akisema hivyo hasemi uongo. Kimoja ni cha bei nafuu, cha pili ni ghali. Mnunuzi atachukua cha nafuu, naye atakuwa na haki, kwa kuwa lugha haikumpa sababu ya kufanya vingine. Mafundi na wenye maduka hawana lawama yo yote hapo. Deni ni la sisi tunaoshughulika na istilahi.

Tuanze kulilipa na ajali ya mtu, maana huko lugha ya wananchi ni tajiri kuliko vitabu. Watafsiri wengi wamezoea 'mshtuko wa umeme'. Si kosa, lakini neno 'mshtuko' limekwisha kulemewa na kazi: mtu hupata mshtuko kwa kusikia habari za msiba, na waganga nao hulitumia kwa hali ya damu kupungua msukumo mwilini. Kijitabu cha huduma ya kwanza kitakachosema 'mgonjwa wa mshtuko alazwe chali, miguu iinuliwe' kitamfanya msomaji amshike mtu ambaye bado ameng'ang'ania waya wenye moto. Watu mitaani hawasemi hivyo. Wao husema 'amenaswa na umeme', 'amerushwa na umeme', au 'amepigwa na umeme', kama ambavyo husemwa tangu zamani kwamba mtu amepigwa na radi. (Wala si ajabu: 'umeme' wenyewe ulikuwa jina la ule mwako wa mawinguni kabla haujawa jina la kitu tunachokinunua.)

Vitenzi hivyo havifanani. Umeme wa majumbani hubadili mwelekeo mara 50 katika kila nukta na kurudi, na mkondo wake unapozidi miliampea 10 hivi, misuli ya mkono hujikaza hata mtu asiweze kuachia alichokishika. Huyo amenaswa kwa maana halisi, kama ndege aliyenaswa mtegoni. Mwingine huguswa na mkondo kwa mgongo wa mkono au kwa mguu, misuli mikubwa ya mwili ikajikunja kwa ghafula, naye akatupwa upande. Huyo amerushwa. Msaada wao ni tofauti: wa kwanza lazima umeme uzimwe kwanza, au atengwe na waya kwa ubao mkavu, kabla hajaguswa na mtu ye yote, wa pili amekwisha achana na waya, na hofu ni moyo wake na mahali alipoangukia. Mwalimu anayefundisha usalama angefanya vyema kuvitumia vitenzi hivi viwili kama vilivyo, na kuweka 'kupigwa na umeme' kuwa jina la jumla la ajali hizo zote. 'Shoti' iondolewe kabisa katika mambo ya mwili wa mtu. Fundi hatakatazwa kusema apendavyo, bali sisi tusiandike hivyo.

Je, shoti ya nyaya iitweje? Msomaji anayejua utaratibu wetu wa kuunda istilahi, ambao hutaka kwanza tutafute ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, na kukopa nje baadaye, atatarajia kwamba neno la kigeni litaondolewa. Utaratibu huo ni mwema, nao ulituletea maneno kama 'Ikulu' na 'Bunge' kutoka katika lugha za bara. Lakini tuwapime washindani waliopo. 'Sakiti fupi' ni tafsiri ya neno kwa neno, nayo humpoteza mwanafunzi: atachora sakiti ndogo yenye nyaya fupi, ambayo haina kasoro yo yote. Kiini cha shoti ni ukinzani kupotea njiani, na wala hakitegemei urefu wa waya. 'Njia ya mkato' ni nzuri zaidi, kwani kila Mswahili anajua mtu anayepita njia ya mkato amekwepa jambo fulani, na hapa mkondo umeikwepa koili. Inafaa sana katika kufafanua. Ikifupishwa kuwa 'mkato', hata hivyo, itagongana na 'umeme umekatika', na tutakuwa tumetoka katika shimo moja tukaingia katika jingine.

Kwa maoni ya mwandishi, 'shoti' ibaki, lakini ibaki na kazi moja tu: nyaya kukutana pasipo ukinzani kati yake. Neno limekwisha kuenea, lina silabi mbili zilizo wazi, na watu wanalinyambua ('nyaya zimeshotishana' husikika). Kata yenye karakana hizi yenyewe imepewa jina kwa neno lililokopwa, lile la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na leo hapana aulizaye kama Kariakoo ni Kiswahili.

Shoti ya mafundi wa simu wa mtaa wa Msimbazi na jirani zake inaingia katika maana hiyo hiyo bila taabu. Simu iliyolowa maji ya chumvi huota kutu inayounganisha vituo viwili vya bodi visivyopasa kuunganika; au kapasita ndogo kama punje ya mchanga hufa, ikawa inapitisha mkondo moja kwa moja. Fundi huweka ncha mbili za mita yake, ikilia anajua kwamba pana shoti. Volti ni 4 au 5 tu, hapana wa kunaswa wala wa kurushwa, na hilo linathibitisha kwamba shoti na pigo la mtu ni vitu viwili. Kuhusu neno 'mita', ambalo hapo ni kifaa cha kupimia, ukutani ni kihesabu umeme na kwenye robota la waya ni urefu, sina la kulalamika. Mazingira hulitenga vizuri, na hakuna aliyepata kudhurika kwa ajili yake.

Tunabaki na jambo la tatu, la waya wa moto uliogusa bati la kifaa. Hilo napendekeza liitwe 'mvujo'. Watu husema tayari kwamba umeme 'unavuja', kama maji yanavyovuja bombani, na mfano huo ni wa kweli: sehemu ya mkondo imetoka nje ya njia yake. Kutokana na 'mvujo' tutapata kwa urahisi jina la kile kifaa ghali cha dukani: 'kikata mvujo'. Jina hilo linasema linachofanya, nalo linamwezesha mnunuzi kuuliza, 'Hiki kinakata shoti au kinakata mvujo?' Ikiwa jina litatamkika, litaenea. Tunao ushahidi. Shirika la umeme, TANESCO, lilipoleta mita za malipo ya kabla liliziita LUKU, yaani 'Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo', na leo watu 'hununua luku', 'huishiwa luku', wala wengi hawazikumbuki tena herufi zilisimama badala ya nini. Zanzibar nako wana TUKUZA yao. Kadhalika 'umeme wa njia moja' na 'umeme wa njia tatu' ni maneno ya ofisi yaliyokubaliwa na fundi na mteja, kwa sababu yanaeleza kitu kinachoonekana.

Mvujo hauwezi kuelezwa bila waya wa tatu, ambao mafundi huuita 'ethi'. Kazi yake ni kuliunganisha bati la kifaa na ardhi. Mvujo ukitokea katika kifaa chenye ethi imara, mkondo hupata njia rahisi ya kwenda zake, huwa mkubwa, na fyuzi hukatika kabla mtu hajagusa kitu. Kwa maneno mengine ethi huugeuza mvujo kuwa shoti, jambo ambalo haliwezekani hata kulisema ikiwa vyote viwili vinaitwa shoti! Lakini si kila ethi ni imara. Nyumba nyingi hutegemea fimbo ya shaba iliyochomekwa uani. Katika mchanga mkavu wa kiangazi ukinzani kati ya fimbo na ardhi huweza kufika omu 20 au zaidi. Gawanya volti 230 kwa 20, utapata ampea 11.5, na fyuzi ya ampea 13 haitakatika. Bati la pasi litaendelea kuwa na moto. Hapo ndipo kikata mvujo kinakuwa cha lazima.

Je, tuandike 'ethi' au 'ardhi'? 'Waya wa ardhi' ni jina zuri, linaloonyesha waya unakokwenda, nami ningelipendelea vitabuni. Ila mtafsiri ajihadhari na silabi moja: 'waya wa ardhini' ni kitu kingine, ni ule uliofukiwa badala ya kupitishwa juu ya nguzo. Makosa ya namna hiyo hupita machoni pa msahihishaji kwa wepisi sana. Jina lo lote litakalochaguliwa, waya huo unahitaji kutajwa zaidi ya unavyotajwa sasa. Vifaa vingi viuzwavyo Kariakoo huja na plagi za miguu miwili ya mviringo, na tundu za soketi zetu hufunikwa na vilango vinavyofunguliwa na mguu mrefu wa ethi. Watu hutia kalamu au kijiti katika tundu la juu, vilango vikafunguka, plagi ikaingia. Waulize tundu hilo ni la nini, wengi watakujibu kwamba ni la kufungulia. Kwao ni kitasa tu.

Nyutro inatufunza jambo la upande mwingine. Kwa kuwa mwenzake huitwa waya wa moto, mtafsiri hushawishika kuuita 'waya baridi', au 'waya mtulivu', au hata 'waya mfu'. Majina hayo yana sura nzuri ya Kiswahili, nayo ni ya hatari. Nyutro hupitisha mkondo ule ule unaopita katika waya wa moto. Ikiwa imekatika mahali fulani kabla ya kurudi kwenye mita, huku taa moja imewashwa, sehemu iliyobaki upande wa taa hupata moto kupitia katika taa hiyo. Fundi akiweka testa, huwaka katika nyaya zote mbili. Anayeamini kwamba waya huo ni 'baridi' ataushika. 'Nyutro' ni neno geni lisilomwambia Mswahili kitu, na katika jambo hili huo ndio uzuri wake: halimwahidi usalama. Istilahi ya Kiswahili inayoahidi uongo ni mbaya kuliko ya kukopa isiyoahidi kitu.

Sababu hiyo hiyo inatukataza kuzitaja nyaya kwa rangi. Dukani rangi inatosha: 'nipe nyekundu ya moja na nusu, mita 20, na nyeusi mita 20', maana ndani ya maganda yote mna shaba ile ile. Vitabuni haitoshi hata kidogo. Kwa desturi ya zamani ya Kiingereza, tuliyoirithi, nyekundu ilikuwa ya moto, nyeusi nyutro, kijani ethi. Na katika umeme wa njia tatu, nyekundu, manjano na bluu zote zilikuwa za moto. Uingereza ilianza kubadili rangi za nyaya za majengo mwaka 2004 ili zilingane na za Ulaya: kahawia ni ya moto, bluu ni nyutro, kijani chenye mistari ya manjano ni ethi, na katika njia tatu zikawa kahawia, nyeusi na kijivu. Maana yake ni kwamba bluu, iliyokuwa na moto, sasa ni nyutro, na nyeusi, iliyokuwa nyutro, yaweza kuwa na moto. Nchini Marekani nyeusi ndiyo ya moto tangu zamani. Katika betri na redio, nyekundu ni chanya na nyeusi ni hasi. Katika majengo yaliyojengwa na kuongezwa ghorofa kwa vipindi, kama yalivyo mengi ya katikati ya Dar es Salaam, desturi zote mbili zaweza kukutana ndani ya kisanduku kimoja. Kitabu kisemacho 'unganisha waya mweusi' kimemwachia msomaji kubahatisha. Kiseme 'unganisha nyutro', kisha rangi zitajwe katika jedwali pamoja na desturi zinakotoka.

Neno jingine lipitiwe kwa haraka. Taarifa za moto katika magazeti husema mara nyingi kwamba chanzo ni 'hitilafu ya umeme'. Fungu hili husutwa kuwa ni maneno matupu, lakini mimi naliona la kiungwana: linasema kilichojulikana wakati ule na haliongezi. Anayekosea ni mtafsiri anayelihamishia katika Kiingereza kuwa ni shoti. Moto huweza kuanza kwa kiungo cha nyaya kilicholegea kikawa kinapata joto polepole, au kwa waya mwembamba uliozidiwa na mzigo, soketi moja ikilisha jiko, friji na pasi. Katika hali hizo nyaya hazijagusana hata mara moja. Kwa hiyo ya pili tayari tuna kitenzi kizuri, 'kuzidiwa', na hapana haja ya kukopa: 'waya umezidiwa' hueleweka hata na asiyejua fyuzi ni nini.

Mambo haya yanawahusu walimu kwa namna ya pekee. Mwanafunzi wa shule ya msingi husoma 'mkondo', 'ukinzani' na 'sakiti' kwa Kiswahili. Akiingia sekondari huyakuta mambo yale yale kwa Kiingereza. Na anayeishia njiani akashika ufundi hujifunza seti ya tatu ya majina kwenye meza ya mwalimu wake wa kazi. Fundi mwenyewe hana wakati wa kuziunganisha. Mwalimu wa darasa la sayansi anao, ikiwa tu hataona haya kuandika ubaoni 'nyutro' na 'fyuzi' kando ya 'mkondo' na 'ukinzani', na kuwauliza wanafunzi nyumbani kwao huitwaje.

Kwa watafsiri, nimalizie kwa mfano wa maelezo ambayo yangefaa kubandikwa katika kisanduku cha sakiti breka kama zile zinazouzwa Kariakoo, badala ya 'kifaa hiki huzuia shoti': 'Kifaa hiki hukata umeme nyaya zinapopiga shoti au zinapozidiwa. Hakimkingi mtu asipigwe na umeme. Kwa kinga hiyo weka kikata mvujo, na hakikisha soketi zote zina waya wa ardhi. Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni.' Ni maneno 35, nayo yanaenea katika karatasi ndogo kuliko tiketi ya basi.